Mtetemo na Kitulizo Chake: Mifano kutoka Milima ya Usambara

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi ya kueleza kitu kisichotulia. Tawi hunesa, wala halitetemi, mwenye homa hutetemeka, wala hayumbi, chombo baharini huyumba, radi hurindima, ngoma huvuma, nyumba hutikisika gari zito lipitapo. Maneno haya hayabadilishani kazi ovyo. Kunesa na kuyumba ni mwendo wa polepole ambao jicho laweza kuufuata. Kutetema ni mwendo mdogo wa haraka, ambao mkono huusikia kabla ya jicho kuuona. Kurindima na kuvuma ni mtetemo uliokwisha kufika sikioni. Kutikisika kwaonyesha jambo zaidi, yaani kwamba yupo mtikisaji nje ya kitu chenyewe. Mtaalamu wa mitambo naye hutaka kujua mambo hayo hayo: mwendo una upesi gani, una ukubwa gani, na nani anayeusukuma.

Lakini lugha iliyo tajiri kwa kutaja maradhi haina budi kuwa tajiri kwa kutaja dawa pia. Makala haya yaeleza dawa moja ya mtetemo, nayo ni kipande cha uzito kilichoachwa huru ndani ya nyumba yake ili kigonge kuta zake na kuula mwendo. Dawa hiyo ni rahisi kutengenezwa, na ni rahisi zaidi kuharibiwa na jina lisiloifaa. Mifano imechukuliwa Lushoto na kandokando ya milima ya Usambara, kwa kuwa huko mitambo imekutana na miteremko, upepo na magogo kwa zaidi ya miaka 100.

Jinsi mtetemo unavyokua

Kila kitu chenye uzito na chenye kunyumbuka kina hesabu yake ya kutetema. Uzi wa zeze ukikazwa hulia juu, na ukilegezwa hulia chini. Uzi mnene hulia chini kuliko mwembamba. Kanuni ni ile ile kwa nguzo, kwa daraja, kwa msumeno na kwa waya wa umeme: ugumu huongeza hesabu, uzito huipunguza.

Kitu kikisukumwa kwa hesabu isiyo yake, mwendo hubaki mdogo. Kikisukumwa kwa hesabu yake mwenyewe, kila msukumo hukuta mwendo uliotangulia ukielekea upande ule ule, nao huuongezea kidogo. Mtoto aliye katika pembea hupaishwa juu na mkono dhaifu wa mwenzake, mradi mkono huo usukume kwa wakati wake. Methali yasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na hapana maelezo mafupi kuliko hayo ya jambo hili. Msukumo mmoja hauna madhara. Madhara yamo katika kurudiwa kwake kwa mpango. Na mwisho wake pia wajulikana na wahenga, waliosema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Chuma hakipasuki kwa sababu kimepindwa mara moja kwa nguvu nyingi. Aghalabu hupasuka kwa sababu kimepindwa kidogo mara milioni kadhaa, mpaka ufa usioonekana ukawa ufa unaoonekana.

Kinachozuia mwendo usikue bila mwisho ni ulaji wa nguvu. Katika kila mtetemo sehemu ya nguvu hugeuka kuwa joto na sauti, ikapotea. Ulaji ukiwa mkubwa, mwendo hukoma upesi. Ukiwa mdogo, mwendo hudumu. Gari ambalo shokapu zake zimekufa huendelea kunesanesa muda mrefu baada ya kupita shimo, kwa kuwa springi zake hazina mlaji wa mwendo.

Mitambo ya Usambara

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905. Baadaye, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Wilkins na Wiese iliyokuwa ikikata miti Shume ilijengewa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig njia ya kamba za chuma angani, iliyoteremsha magogo hadi Mkumbara, penye reli. Mti uliotafutwa zaidi ulikuwa mwangati, ambao mbao zake zilifaa kwa kalamu za risasi. Njia ya namna hiyo ni zeze kubwa: kamba ndefu imekazwa baina ya nguzo, na kila mzigo upitao juu ya nguzo huitikisa. Njia ile haipo tena kazini, bali swali lake limebaki, maana kamba nyingine zimekuja kukaa chini ya milima hiyo hiyo.

Kituo cha umeme cha Hale, katika mto Pangani, kilifunguliwa mwaka 1964, na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Kutoka Hale njia ya umeme wa volti 132,000 hupita bondeni kuelekea Moshi, mlima wa Usambara ukiwa upande wake wa kaskazini mashariki. Mtu angedhani kwamba adui wa waya ni tufani. Kwa habari ya mtetemo sivyo. Adui ni upepo mtulivu unaovuma bila kukatika. Upepo huo upitapo kwenye waya huacha nyuma yake vimbunga vidogo, kimoja juu na kimoja chini, kwa zamu, na kila kimoja huuvuta waya upande wake. Hesabu yake hupatikana kwa kuzidisha kasi ya upepo mara 0.2, kisha kugawanya kwa unene wa waya. Waya wa milimita 20 katika upepo wa mita 4 kwa sekunde huvutwa mara 40 hivi kwa sekunde. Kwa saa moja ni mara 144,000. Kwa siku nzima ni karibu mara milioni tatu na nusu. Upepo mkali haukai katika hesabu moja, ndiyo maana huyumbisha waya lakini hautetemeshi kwa utaratibu huu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumba za watu, nao ni mashine ya kusaga nafaka. Ndani yake mna mhimili uzungukao kwa kasi, wenye nyundo ndogo za chuma zilizoning'inizwa. Tuseme mhimili wazunguka mara 3,000 kwa dakika, na nyundo moja imelika ikapungua gramu 50 kuliko mwenzake wa upande wa pili, kwa umbali wa sentimita 20 kutoka katikati. Gramu hizo 50, uzito usiofika nusu ya embe dogo, huvuta mhimili kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 100, na mvuto huo huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo fundi mwangalifu habadilishi nyundo moja peke yake. Hubadilisha na ile inayoikabili. Dawa ya kwanza ya mtetemo ni kuondoa sababu yake.

Dawa zinazojulikana

Pale ambapo sababu haiwezi kuondolewa, kama vile upepo, mafundi wana njia tatu za zamani. Ya kwanza ni kubadili hesabu ya kitu, kwa kukikaza, kukiongezea nguzo au kukiongezea uzito, ili isilingane na hesabu ya msukumaji. Ya pili ni kuweka mlaji wa mwendo, kama vile mpira chini ya mashine au mafuta ndani ya shokapu. Ya tatu ni kutundika uzito mwingine juu ya springi, uliopimwa ili uwe na hesabu ile ile ya kitu kinachosumbuliwa. Njia hii ya tatu ilipata hati ya uvumbuzi kwa jina la Hermann Frahm wa Ujerumani. Uzito wa pili hutetema badala ya kitu cha kwanza, kama mtu apokeaye ugomvi usio wake.

Katika nyaya za umeme hutumika ndugu wa njia ya pili na ya tatu pamoja, aliyebuniwa na George Stockbridge huko California katika miaka ya 1920. Ni kipande kifupi cha kamba ya chuma kilichobanwa chini ya waya mkubwa, chenye uzito kila upande. Waya ukitetema, vizito hivyo vyanesa, nyuzi za kamba zasuguana, na nguvu hugeuka joto. Msafiri aangaliaye nyaya kubwa karibu na nguzo zake huweza kuviona, vikifanana na mzegazega mdogo wa mchota maji.

Njia hizo zina mipaka. Mpira huchakaa na mafuta huvuja, na vyote viwili haviwezi kukaa penye joto kali. Uzito wa Frahm hufaa kwa hesabu moja tu. Mashine ikibadili mwendo, msaidizi huwa mzigo. Hapo ndipo kinapohitajika kitu kisichochagua hesabu, kisichoyeyuka na kisichovuja.

Debe tupu na debe lenye maharage

Methali nyingine yasema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Maana yake juu ya watu yajulikana. Maana yake juu ya madebe haijatazamwa sana. Debe tupu likigongwa ubavuni kwa kijiti, sauti yake hudumu kitambo. Yakitiwa makonzi mawili ya maharage, zao lililo tele katika masoko ya Lushoto, kisha debe likagongwa chini yake, sauti huwa fupi na kavu, hukatika mara moja. Mtu aweza kusema kwamba ni uzito wa maharage ulioinyamazisha. Lakini kipande cha chuma chenye uzito ule ule kikilehemiwa barabara chini ya debe, sauti hubadilika ikawa ya chini zaidi, wala hainyamazi kwa namna ile. Uzito uliofungwa hubadili hesabu. Uzito ulio huru hula mwendo.

Sababu ni hii. Bati likipanda, maharage hurushwa. Bati likirudi chini, maharage bado yako njiani kwenda juu. Yanaposhuka hukutana na bati ambalo limekwisha kugeuka na kupanda tena. Mkutano huo ni wa watu wawili wanaokwenda kinyume, na kila mmoja humpunguzia mwenzake mwendo. Sehemu ya nguvu hugeuka joto na mlio, na sehemu hutawanyika kuwa mitetemo midogo sana ya haraka, ambayo hufa upesi yenyewe.

Badala ya maharage, mafundi hutumia kipande kimoja cha chuma ndani ya tundu lililo pana kidogo kuliko chenyewe. Kwa kuwa mchezo wa bao umekwisha kuwapa Waswahili maneno mawili yaliyo tayari, hapa kipande hicho kitaitwa kete, na tundu lake litaitwa nyumba. Nyumba imeshikamana na kitu kinachotetema. Kete haikushikamana na chochote. Kitu kikienda kulia, kete huchelewa, kisha hugongwa. Kikirudi kushoto, kete bado yaenda kulia, nayo hugonga ukuta uliokwisha kugeuka. Kazi huwa nzuri kabisa kete ikigonga mara mbili katika kila mtetemo mmoja, mara moja kila upande.

Kipimo cha ulaji ni rahisi kufahamika. Kete ikirudi kutoka ukuta mzito kwa nusu ya kasi iliyokwenda nayo, imebakiwa na robo ya nguvu yake, na robo tatu imekwisha kuliwa. Ikirudi kwa sehemu tisa katika kumi, kama chuma kigumu juu ya chuma kigumu, imepoteza asilimia 19 tu. Kiasi hicho huonekana kidogo. Lakini kitu kitetemacho mara 40 kwa sekunde hugongwa mara 80 kwa sekunde. Haba na haba iliyokijaza kibaba sasa yakimwaga.

Masharti ya kazi yake

Dawa hii haikubali kupimwa kwa kubahatisha. Nafasi baina ya kete na ukuta ikiwa ndogo mno, kete huenda pamoja na nyumba kana kwamba imefungwa. Ikiwa kubwa mno, kete haifiki ukuta wa pili kwa wakati wake, na huenda ikagonga kwa upande unaosaidia mtetemo badala ya kuupinga. Kete ikiwa nyepesi mno, mgongano wake hausikiki na kitu kizito. Ikiwa nzito mno, nyumba itachakaa.

Pia kuna kiwango ambacho chini yake kete hulala. Katika mtetemo wa juu na chini, kete hairushwi mpaka mwendo wa nyumba uzidi mvuto wa dunia. Kwa mtetemo wa mara 40 kwa sekunde, nyumba yapasa kwenda zaidi ya milimita 0.16 hivi kutoka katikati yake. Kwa mtetemo wa mara 5 kwa sekunde, yapasa kwenda karibu milimita 10. Kwa hiyo dawa hii haiwezi kuondoa mtetemo wote. Huukata ule mkubwa unaovunja, na kuuacha mdogo usiovunja.

Lawama yake kubwa ni kelele. Kwa ajili hiyo kuta za nyumba huweza kufunikwa kwa ngozi au mpira, au kete moja hubadilishwa kwa mfuko wa risasi ndogo ndogo, au kwa mchanga. Punje nyingi hugongana na kusuguana zenyewe kwa zenyewe, na kelele hupungua. Hapo mtu amerudi kwenye debe la maharage.

Jambo hili liliingia katika maandishi ya wahandisi mwaka 1937, Paget alipoandika katika gazeti la Engineering la Uingereza juu ya kutuliza kwa migongano mitetemo ya mapanga ya tabo za mvuke, mahali ambapo mpira ungeteketea. Mwaka 1945 Lieber na Jensen wa Marekani walieleza kete ya namna hiyo kwa ajili ya ndege. Mwaka 1967 Wilmer Reed, wa idara ya NASA, alieleza jinsi mnyororo ulioning'inizwa ndani ya bomba unavyoweza kutuliza milingoti mirefu inayoneswa na upepo: mlingoti ukiyumba, pingili za mnyororo hugonga ukuta wa bomba, na mwendo huliwa. Mafundi wa kereza nao hutia kete ndani ya mpini mrefu wa chombo cha kukerezea matundu, ili ncha yake isitetemeke ikaharibu kazi.

Jina na hatari yake

Hapa ndipo swali la lugha linapokuwa swali la usalama. Ufundi wote hufundishwa kwa kukaza. Mwanafunzi huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba parafujo iliyolegea ni ugonjwa, na kwamba kitu kinacholia ndani ya mashine ni ishara ya kuharibika. Fundisho hilo ni la haki. Lakini fundi aliyefunzwa hivyo, akikuta kipande cha chuma kinachogongagonga ndani ya bomba, atafanya ihsani aliyofunzwa: atakipigilia kabari au atakilehemu. Kelele itakoma, naye ataondoka ameridhika. Tangu saa hiyo mlingoti umebakiwa na uzito tu, wala hauna mlaji wa mwendo. Na upepo mtulivu wa kila siku utaanza tena kuhesabu mamilioni yake.

Jina laweza kumkinga au kumponza. Kikiitwa kizuizi, neno lenyewe linamwambia kwamba kazi yake ni kushika, na kitu kinachoshika hakipaswi kucheza. Kikiitwa kizimio, atatazamia mtetemo uzimike kama taa, na akiusikia mdogo uliobaki atasema chombo kimekufa. Kikiitwa kinyonyaji, atadhani kwamba kinajaza kitu ndani yake kama sifongo, ambacho siku moja kitapaswa kukamuliwa. Neno kitulizo lina maana iliyo karibu zaidi na ukweli. Mtu hutulizwa kidogo kidogo, si kwa ghafula. Na maumivu yaliyotulizwa yamepungua, si lazima yawe yamekwisha. Neno hilo laweza kuwa jina la ukoo mzima, na watoto wake wakatajwa kwa kile kinachofanya kazi: kitulizo cha kete, kitulizo cha punje, kitulizo cha mnyororo, na kwa chombo cha Stockbridge, kitulizo cha vizito.

Sarufi yenyewe yatoa msaada wa pili. Kulegea ni hali ambayo kitu hujikuta nayo bila mtu kutajwa. Kulegeza ni tendo lenye mtendaji na kusudi, na kulegezwa ni kutendwa tendo hilo. Parafujo imelegea, kete imelegezwa. Herufi chache katikati ya kitenzi zatenganisha ugonjwa na dawa, na mwandishi wa kitabu cha ufundi asiyeangalia jambo hili atakuwa amempa msomaji wake sababu ya kuchukua spana.

Wala wazo la kulegeza kwa makusudi si geni kwa fundi wa mashine ya kusaga. Nyundo zake zimeachwa zicheze juu ya pini zake, ili nyundo ikikutana na jiwe ndani ya mahindi irudi nyuma, isivunje mhimili. Hapana fundi wa Lushoto wala wa Mombo anayezilehemu kwa kuwa zinacheza, maana amekwisha kufahamu kazi yake. Kinachotakiwa ni kwamba kitulizo cha kete nacho kifahamike hivyo hivyo, na palipo na nyumba ya kete pawe na maandishi yanayosomeka: Kete hii imelegezwa, isikazwe.